Shanga za Nawoi Hazikai Chini

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kutembelea wazee, njooni kwenye kivuli niwaambie. Fulana zenu zina maandishi mbele na nyuma na simu zenu zinapiga picha, sawa. Lakini mzee wa Turkana hasomi fulana. Anamwona mtu aliyefika kwake akasimama kama nguzo ya stima, jua likiwa mgongoni mwake, na yeye mzee anabaki kukunja uso kwa mwanga. Kisha mnarudi mkisema mzee yule ni mkali. Hakuwa mkali. Mlimchoma macho. Kaeni chini, tena mkae upande ambao jua litawachoma nyinyi.

Mimi shule niliifikia darasa la pili nikaiacha na walimu wake. Kiswahili nilikiokota sokoni Lodwar nikiuza samaki wakavu wa Kalokol, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya, liacheni likae, limechoka kama mimi. Lakini watoto wangu wote wanasoma na kuandika, mjukuu mmoja ni mwalimu, mwingine anaendesha lori mpaka Kitale, na yule mdogo wa mwanangu Ewoi alimshinda kila mtu darasani mwao, wavulana pia. Nisipowataja sitatulia. Nimewataja, tuendelee.

Kazi hii niliianza nikiwa tayari nyanya. Walikuja watu pale Lodwar wakasema wanatafuta wa kujitolea, na sisi akina mama tulidhani wanataka vijana. Wakasema hapana, wanataka wazee wawaendee wazee wenzao. Tuwaambie kitu gani kipo: chakula cha msaada kinagawiwa wapi, kliniki inakuja lini, nani anaweza kupata kiti cha magurudumu, pesa za wazee zinaombwa vipi. Mshahara haukuwapo. Tulipewa fulana, na siku za mkutano tulipewa chai yenye sukari ya kutosha. Mnaocheka chai, subirini mzeeke.

Aliyenifundisha ni Mama Arupe, mjane aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni kabla miguu haijamvimba. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, na mkononi alibeba kifuko cha tumbako. Kabla ya kutaja kliniki, kabla ya kutaja chakula, alikuwa anasema ejok, salamu yetu, anakaa, anakata kipande cha tumbako, anampa mzee, anatia chake mdomoni, na wote wawili wanatazama mbuzi. Siku ya kwanza nilidhani amesahau kilichotuleta. Nikamgusa kiwiko. Akaniambia polepole kwamba mtu asiye na tumbako mdomoni masikio yake yamefungwa, na haina faida kugonga mlango ambao wenyewe hawako.

Kulikuwa na kijana mmoja, mtoto mzuri tu, aliyetumwa kufuatana nasi. Tulifika kwa mzee anaitwa Lokaale, nje kidogo ya mji, na kijana akauliza mara moja, mzee una miaka mingapi. Lokaale akamwambia aulize mbuzi. Kijana akarudia kwa sauti kubwa, maana aliamini mzee hasikii. Lokaale akamwambia mbuzi pia wanasikia, asipige kelele. Basi Mama Arupe akaingia taratibu. Alipofanyiwa sherehe ya kuwa mwanamume, alichoma mnyama gani kwa mkuki? Nani alikuwa bado hai siku hiyo? Ule ukame ulioua ng'ombe wa upande wa Loima, yeye alikuwa anachunga ndama au alikuwa ameshaoa? Umri ulijitokeza wenyewe, pamoja na majina ya fahali watatu ambao hatukuwaulizia. Tulipoinuka, Lokaale akamshika kijana mkono akamuuliza na yeye ana miaka mingapi. Kijana akasema. Mzee akamuuliza, "Na umeifanyia nini?"

Yule kijana siku hizi ana wake na watoto, na nikikutana naye namuuliza hilo hilo. Anakimbia.

Ulikuwa wakati ambao habari za mafuta zilikuwa midomoni mwa kila mtu Lodwar. Mafuta yamepatikana chini ya ardhi yetu. Kila boma tulilofika waliuliza kama sisi ndio tumeyaleta, na kama ni ya kupikia. Bibi mmoja alitoka na chupa tupu. Nilimwambia ya kupikia sina, lakini daktari wa meno ninaye, anakuja Alhamisi. Akaniambia meno hana, angehitaji mafuta.

Baadaye nilihamia Kakuma kwa binti yangu, aliyekuwa anauza makaa kwenye kambi ya wakimbizi, na kazi nikaifuata huko. Huko ndiko nilikopewa mwenzangu wa kutembea naye, Mzee Bahati. Alikuwa fundi cherehani, Mkongo, mkimbizi, mvi kichwani na shati limepigwa pasi mpaka unaweza kukatia nyama. Tuliwekwa pamoja kwa kuwa Kiswahili chake na changu vilionekana ni ndugu. Ndugu kweli, lakini wa mama tofauti. Yeye alisema batu, mimi nikasema watu, tukaelewana kwa ukaidi. Wazee wa kambini aliwajua yeye, Wakongo, Warundi, hata akina mama wa Sudan Kusini walimwita mjomba. Wazee wa maboma ya nje niliwajua mimi. Kliniki ya kambini ilipokea watu wa pande zote mbili, kwa hivyo sisi wawili tulikuwa kama punda wa mizigo miwili, mmoja huku mmoja kule.

Sifa ya Bahati ilikuwa usafi na uangalifu. Ukimpa kitu akushikie, hakipotei. Ukimpa fimbo ya mzee, atairudisha imepanguswa. Kumbukeni hilo, maana linakuja.

Sasa Nawoi. Alikaa boma la ng'ambo ya laga ya Tarach, ule mto unaokauka ukabaki mchanga, kupita vichaka vya mathenge, mke mkubwa wa mzee Lokwawi. Macho yalikuwa yanamwisha. Mnaujua ugonjwa ule wa kwetu, kope zinageuka ndani na kila ukipepesa zinakwaruza jicho kama mchanga, mpaka linafanya ukungu, mpaka linazima. Kila asubuhi Nawoi aling'oa kope kwa kibano kidogo alichokining'iniza shingoni chini ya shanga. Kope haina haya, inaota tena. Mke mwenzake, Akal, alikuwa mdogo kwake kidogo tu na mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko laga. Siku tulipofika mara ya kwanza, hata kabla hatujakaa, alituambia, "Mwenzangu huyu jana amesalimia kichuguu. Akakiuliza habari za watoto."

"Kilinijibu vizuri kuliko wewe," akasema Nawoi bila kuinua uso.

Nilimpenda pale pale.

Lokwawi hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kigoda chake, kile cha mkononi ambacho mzee hulalia kichwa pia, na hapa niwaonye kabla hamjaaibika: kigoda cha mzee hakikaliwi na mtu mwingine, hata kama miguu yako imekatika. Alitafuna tumbako yangu akasema mambo yalivyo. Mvua ikionekana upande wa milima, boma linahama kuelekea mpaka wa Uganda. Mtu asiyeona hahami. Njia ni mawe matupu, na punda wana mizigo yao. Nawoi atabaki Kakuma karibu na chakula cha msaada, na mjukuu wa kumshika fimbo. Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayesema jioni itakuja. Nawoi alikuwa pale pale akisikia. Mkono wake ulitafuta kibano, ukakiacha, ukakitafuta tena.

Kubaki nyuma na gunia la mahindi, hicho ndicho kilichokuwa kinamngoja. Mtu aliyezaa katika boma lile, aliyejenga kila kibanda chake kwa mikono.

Mimi nilijua kwamba madaktari wa macho walikuwa wamekuja Kakuma kwa muda mfupi, na kwamba ule ukope hukatwa kidogo na kushonwa utazame nje, basi, mtu anarudi nyumbani. Lakini Nawoi aliogopa wembe, na mtu anayeogopa wembe humwambii habari za wembe. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba akipona ataona Akal anachokula akiwa nyuma ya kibanda.

Akatema tumbako.

"Ninaenda," akasema.

Basi tukaenda, mimi, yeye na Bahati, tukafika kliniki watu wamejaa kama siku ya mnada. Zamu yetu ilipofika, Nawoi alilazwa kitandani, na kichwa hakikufika kwenye mto. Shanga zilijaa kuanzia mabegani mpaka chini ya taya, duara juu ya duara, nyekundu, njano, nyeusi, na kati yake kamba moja ya bluu aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa. Zote zilikuwa zimepakwa mafuta na udongo mwekundu kwa miaka. Kichwa kilielea hewani kama kibuyu. Muuguzi, mama mmoja mtulivu wa upande wa Kitale, akasema shanga zitoke kwanza.

Nyinyi wa mjini labda hamjui. Shanga za mwanamke wa kwetu hazitolewi kwa sababu ya kulala, wala kuoga, wala joto. Zinatoka kwa kilio. Shingo tupu ni habari mbaya inayotembea.

"Mume wangu amekufa?" akauliza Nawoi. Nikamtafsiria muuguzi. Muuguzi akasema hapana.

"Mimi nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi shanga zinatoka kwa nini?"

Muuguzi hakukasirika. Alivua pete yake ya ndoa, akaiweka kwenye kiganja cha Nawoi aipapase. Akasema na yeye huivua akifika mlango huu, na bwana yake yuko hai kabisa, wakati huu huenda yuko Kitale anakunywa. Wagonjwa wote waliokuwa kwenye foleni walicheka, na Nawoi naye akacheka, akaniambia nizivue mimi kwa mkono wangu, nizishike, zisiguse chini. Daktari akasema atafanya jicho la kulia leo, na la kushoto, ambalo ndilo baya zaidi na linalokaribia kuzima, atalifanya kabla hawajaondoka Kakuma.

Nilitoka na zile shanga mikononi, nzito kama mtoto. Hapo getini kukazuka ugomvi. Mzee mwingine wa kwetu ameambiwa aache kigoda chake nje, naye amekataa, ameanza kuelezea askari ukoo wake wote. Waliniita mimi. Nikampa Bahati shanga, nikamwambia azilinde.

Kuwatenganisha mzee na askari kulichukua muda, maana askari naye alitaka kueleza ukoo wake. Niliporudi, Bahati alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mitupu magotini, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi.

Nikamuuliza shanga ziko wapi.

"Zimefika nyumbani, mama Ewoi," akasema. "Safi kabisa."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

Polepole nikamtoa maneno. Aliona watu ni wengi, akaogopa mwizi. Akaona shanga zina mafuta na vumbi, na fundi cherehani hawezi kutazama uchafu. Akazipeleka bombani akazisugua kwa sabuni mpaka zikang'aa, akazianika, akazifunga kwa kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye shati la harusi ya mtu, akampa kijana wa bodaboda anayemwamini azipeleke kwa mume. "Kwetu," akasema, "kitu ya mama kama haiko kwa mama, inakaa kwa bwana yake."

Mnaiona? Mtu wa bodaboda hamjui Nawoi wala Akal. Amefika bomani, amempa Lokwawi kifurushi cheupe, amegeuza pikipiki amekwenda. Ndani ya kitambaa kuna shanga za mke wake. Zimeoshwa. Hazina hata alama ya mafuta ya shingo.

Nawoi alikuwa amefungwa bandeji na daktari alitaka alale pale mpaka kesho. Simu bomani hakuna, na jua lilikuwa limekwisha kuzama. Nilimweleza Nawoi. Akauliza swali moja, kama Akal naye ni miongoni mwa waliopata habari.

Kulipopambazuka tukavuka laga, Nawoi katikati, shingo imefungwa leso yangu. Bahati alifuata nyuma, na shati lake siku hiyo halikuwa limepigwa pasi. Tulipokaribia ua wa miiba tukasikia kilio. Nilitaka kukimbia mbele nipige kelele kwamba mama yu hai. Nawoi akanishika mkono.

"Ngoja," akasema. "Bado anasema."

Ilikuwa sauti ya Akal. Tukasimama nyuma ya miiba, mimi na Nawoi na yule Mkongo, kama wezi wa mbuzi. Akal alikuwa anaomboleza kwa maneno marefu. Nani atanigombeza sasa. Nani atasema uji wangu una moshi. Kibanda changu nilipokijenga kikaanguka, ni nani alikuja kukishona bila kuitwa, akinitukana mpaka jua likachwa. Maziwa ya mtoto wangu wa kwanza nilipokosa, matiti ya nani aliyanyonya. Nawoi alisikiliza kichwa kimeinama, na jicho lile lisilofungwa lilikuwa linatoa machozi, lakini lilikuwa linatoa machozi siku zote, sitawadanganya.

Kisha Akal akasema, "Na hatukuwahi kukosana, mimi na yeye."

"Hapo umedanganya," akasema Nawoi kutoka nyuma ya miiba.

Nimeona watu wakikimbia wezi wa mifugo. Nimeona watu wakikimbia mafuriko ya laga. Sijaona watu wakikimbia kama asubuhi ile. Mzee mmoja jirani aliacha kigoda chake, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya risasi. Akal peke yake hakukimbia. Alikaa pale pale kichwa kimenyolewa, kinang'aa, akamwona Nawoi akiingia kwa kupapasa lango, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba beberu mwekundu ameliwa.

Kweli alikuwa ameliwa. Ngozi ilikuwa imetandazwa chini kwa vigingi. Lokwawi, aliyesema kipofu hahami, alikuwa amemchinjia Nawoi beberu aliyempenda kuliko wote, yule aliyekuwa anamwimbia. Nawoi aliinama akapapasa ile ngozi mpaka kwenye doa la bega. Mume wake hakumtazama, lakini nilimwona akijifuta pua.

Hofu ilipoisha ikaja hasira. Wanaume walirudi, kila mmoja akidai hakuwa amekimbia bali alikwenda kuangalia ngamia. Lokwawi akauliza nani alizileta shanga. Ningeweza kusema mimi ndiye niliyempa. Kabla sijafungua mdomo, Bahati alisogea mbele akakaa chini mchangani, na shati lake zuri. Akasema, nami nikatafsiri, kwamba ni yeye. Kwamba hakujua. Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kuniambia katika kutembea kwetu kote.

"Wakati tulikimbia kule kwetu, mama yangu alinipa kitenge yake nibebe. Nikaiangusha njiani. Mama alikufa akiiuliza. Tangu hapo kitu ya mama muzee ikinifikia mkononi, siwezi kuiacha ovyo."

Lokwawi alisikiliza mpaka mwisho. Akakata tumbako yake mwenyewe akampa. Bahati hatumii tumbako. Aliitia mdomoni hivyo hivyo, machozi yakamtoka, na watu walidhani ni huzuni.

Lakini msamaha ni kitu kimoja na jicho la kushoto ni kingine. Lokwawi akasema boma hili limeshalia, na nywele zimenyolewa, na damu imemwagika. Shanga zikitoka tena kwenye shingo ile zikakaa bila shingo, msiba utakuwa umeonyeshwa njia. Nawoi hatarudi kliniki. Wazee wengine wakaitikia kwa koo. Mimi nilijua jicho likiachwa litazima, na hili moja lililoshonwa lilikuwa na ukungu wa miaka. Njia ya mawe ile ya milimani haitaki jicho moja la ukungu. Nilitazama mashariki, kisha nikatazama milimani. Kulikuwa na wingu. Dogo, lakini mzee wa Turkana halidharau.

Nilijaribu maneno yangu yote. Nilitoa mfano wa pete ya muuguzi. Haikusaidia, hakuna aliyemjua bwana wa Kitale.

Ndipo Akal akasema, akiwa ameinamisha kile kichwa chake kama yai, "Zikitoka kwake zikae kwangu. Mimi si maiti."

Watu wakageuka.

"Mzee amesema zisikae bila shingo," akasema. "Shingo hii hapa."

Nawoi alimgeukia. "Na utazirudisha?"

"Nikikataa utaniona. Si utakuwa na macho?"

Lokwawi alitafuna kwa muda mrefu. Alitazama ngozi ya beberu. Mwishowe akasema beberu ameshaliwa hata hivyo, hatarudi kwa sababu jicho limekataliwa, waende. Akal akaleta mafuta na udongo mwekundu, akakaa kuzipaka zile shanga zilizong'arishwa na sabuni, kamba kwa kamba, akimtukana Bahati kwa Kiturkana. Bahati akaniuliza mama yule anasema nini. Nikamwambia anakushukuru.

Sasa nataka mwone ile siku ya pili kliniki. Akal ana shanga zake mwenyewe mpaka kidevuni, na za Nawoi juu yake mpaka kwenye masikio. Kichwa kimenyolewa. Hawezi kugeuza shingo, akiitwa anageuka mwili mzima kama lori kwenye barabara nyembamba. Muuguzi wa Kitale alimtazama akadhani huyu ndiye mgonjwa, na ya kwamba ugonjwa umepanda. Nilipomweleza, alikwenda kuzungumza na daktari, na daktari akaruhusu Akal akae kwenye kiti mlangoni, mahali ambapo Nawoi akiwa amelala anaweza kumwona kwa lile jicho lililotangulia kupona. Basi wakamfanyia jicho la kushoto. Nawoi hakupepesa. Sijui kama aliogopa wembe au kama alikuwa analinda mali yake.

Siku bandeji ilipotolewa nilikuwapo. Nawoi alikaa kitandani akapepesa, akapepesa tena, akingoja ule mchanga. Haukuja. Akatutazama mmoja mmoja. Alipomwona Bahati akamwambia ana sura nzuri, kumbe, alidhani ni mbaya kwa ile sauti. Kisha akamtazama Akal, akakaa akimtazama.

"Kumbe umezeeka," akasema.

"Na wewe ulidhani uko peke yako?" akasema Akal. Akaanza kuzivua zile shanga, duara moja moja, akimvisha mwenzake, na mikono yao ilikuwa inagongana kwa kuwa kila mmoja alitaka kufanya yeye.

Kwa hivyo nawaambia nyinyi mnaokwenda maboma na kambi: msaada upo, na nyinyi mtaujua kuliko sisi tulivyoujua, daktari yupi, kadi ipi, gari lipi. Lakini mzee hafiki kwenye msaada akiwa uchi. Anafika na shanga, na kigoda, na beberu aliyemwacha nyumbani, na mtu ambaye hawapatani. Kabla hujamvua kitu, uliza kwanza kitakaa kwa nani. Na ukipewa kushika, shika. Usisafishe.

Mimi niliacha kazi magoti yalipoanza kunitangulia kuchoka. Bahati yeye aliendelea kambini, na mpaka tunaagana alikuwa anaogopa kumshikia mtu hata kikombe.

Mvua ilipiga milimani kama lile wingu lilivyosema, na boma la Lokwawi likahama. Nilivuka laga kuwaaga. Punda walikuwa wamefungwa mizigo, na Nawoi ndiye aliyekuwa mbele, kamba ya punda wa kwanza mkononi, akiwapigia watoto kelele kwamba yule mbuzi wa kushoto si wetu, rudisheni. Akal alikuwa nyuma yake na nywele zimeanza kuota kama za mtoto. Alipopita karibu nami nikaona shingoni mwake, katikati ya shanga zake, kamba moja ya bluu.

Nilimkimbilia Nawoi, ninavyokimbia mimi. Nikamshika bega nikamnong'oneza kuhusu ile kamba ya mama yake.

Hakugeuka nyuma. Alivuta punda akaendelea kutembea.

"Nimeiona," akasema. "Niliiona siku ile ile. Macho si ninayo?"